Ubongo wa Megahezi Mia Sita

Nyumba ya Mwalimu Felisiani pale Ilembo, Mpanda, ilijulikana kwa kelele. Sio kelele za pombe, maana Mwalimu hakuwa mnywaji, na sio za watoto, maana yeye na mkewe walikuwa na mtoto mmoja tu, Pelagia, naye alikuwa anasoma bweni Sumbawanga. Zilikuwa kelele za wanaume watatu wazima kila Jumamosi mchana, wamekaa kibarazani, wanagombania kitu ambacho Mpanda nzima karibu hakuna aliyekuwa nacho.

Walikuwa wanagombania ubongo wa kompyuta.

Ndivyo walivyokiita wenyewe. Kile kipande kidogo cha ndani kinachofanya hesabu zote, kinachoenea kwenye kiganja, Yotham, mmoja wao, alisema kwenye magazeti kinaitwa prosesa, lakini pale kibarazani kilikuwa ubongo tu. Ubongo huu una nguvu. Ubongo ule unapata joto sana. Ubongo wa mwaka huu umeupita wa mwaka jana mbali. Na ile bodi kubwa ya ndani ambamo ubongo unachomekwa, waliiita fuvu.

Mwaka huo wa tisini na tisa, kompyuta za Mpanda ungezihesabu kwa vidole na vidole vingebaki. Moja ilikuwa ya Mwalimu Felisiani, aliachiwa na mfanyakazi wa kujitolea aliyerudi kwao Ulaya. Ilikuwa kuukuu, ina rangi ya meno ya mvuta tumbaku, na ilihitaji umeme uwe na nguvu ndio iwake. Lakini siku Mwalimu alipoifungua na bisibisi akakuta ndani mle ubongo wake umeandikwa AMD, kampuni iliyoutengeneza, moyo wake ulishikwa. Tangu siku ile akawa mtu wa AMD kama vile wengine walivyo watu wa Simba au Yanga.

Yotham alikuwa mtu wa Intel, kampuni kubwa iliyoshindana na AMD. Alikuwa karani wa stesheni, kijana mwembamba aliyevaa tai hata siku treni haiji. Binamu yake wa Dar alikuwa anamtumia magazeti ya kompyuta kupitia Tabora, yanafika na treni yamechelewa miezi, kurasa zinanuka dagaa. Habari mpya ikifika kwao ilikuwa imeshaota mvi, lakini walishangilia vilevile.

Wa tatu alikuwa Malale, Msukuma mnunuzi wa ng'ombe. Huyu hakuwa na kompyuta, wala hakujua kuiwasha, wala hakuwa na upande. Alichojua ni soko.

"Mwalimu, mimi nakwambia ukweli," alikuwa anasema Malale, fimbo yake kaiegesha ukutani. "Mnadani mtu akianza kushusha bei kabla jua halijapanda, jua ng'ombe wake anaharisha. Hiyo kampuni yako kila gazeti inashusha bei."

"Haharishi, Malale. Anatafuta wateja."

"Anaharisha, bwana!" Yotham anadakia. "Imeandikwa hapa wamepata hasara tena. Intel wanauza ghali na watu wanapanga foleni. Wako wanauza rahisi na wanapata hasara. Hiyo ni biashara au ni sadaka?"

"Wewe Yotham, mtu anayepigana na tembo ukimkuta anahema utamcheka?"

"Nitamcheka ndio! Nani kamtuma?"

Basi hapo sauti zinapanda mpaka Dorotea, jirani wa upande wa pili, anatoka na mtoto mgongoni kutazama kama kuna damu. Mjumbe wa nyumba kumi alishakuja siku moja kuamua ugomvi. Akaambiwa ugomvi ni wa Wamarekani wawili, akasimama pale kidogo, akajikuna, akaondoka.

Suzana, mke wa Mwalimu, alikuwa anayasikia yote akiwa jikoni uani. Hakuingia hata siku moja. Alikuwa mtu wa aibu, Mpimbwe wa Majimoto aliyekua akisali na kulima mpunga, na hata kwenye jumuiya ya kanisani ikifika zamu yake ya kusema ombi alikuwa anakohoa tu, wa pembeni anamwokoa. Kwa wanaume wale alipeleka mihogo, alipeleka karanga, aliondoa vyombo. Usiku akibaki na mumewe ndio ulimi wake ulifunguka.

"Baba Pela, hao Intel na mwenzao wamewahi kukuletea hata kilo ya sukari?"

Na Mwalimu alikuwa anacheka, kicheko chake kile kirefu, anasema, "Mama Pela, wewe acha tu." Hawezi kumweleza kwa nini. Yeye naye hamlazimishi.

Halafu mwezi wa tisa, asubuhi, Mwalimu anajinyoa ndevu mbele ya kioo, wembe ukamponyoka. Akainama kuuokota. Hakuinuka.

Kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, mguu wa kulia ukawa wa kuburuta, na maneno yakaondoka. Daktari wa hospitali alimkalisha Suzana kwenye benchi akamweleza taratibu. Mshipa umeziba kwenye ubongo, upande wa maneno. Mguu utarudi, alishaona dalili. Maneno nayo hayajafa, yamepotea njia tu. Mgonjwa atataka neno hili litakuja lile. "Asiogope kukosea, mama. Aongee, aongee, aongee. Akinyamaza sasa, atanyamaza moja kwa moja."

Suzana alilishika lile neno kama mtu anavyoshika ufunguo. Waliporudi nyumbani akaanza. Baba Pela, hii nini? Baba Pela, sema chai. Na Mwalimu alijaribu mwanzoni. Chai ikawa "shati." Dirisha likawa "Alhamisi." Suzana alikuwa anageuka pembeni anafuta macho na upande wa kanga, anarudi, anasema, "Vizuri, hebu tena."

Kilichoharibu ni wanafunzi. Walikuja wanne wa kidato cha tatu, wamefua sare zao, wameleta kilo mbili za sukari kwenye mfuko. Mwalimu alifurahi mpaka jasho likamtoka. Wakakaa mkekani, adabu zote. Naye akajikusanya, akameza mate, akataka awaambie karibuni. Akasema, kwa sauti nzuri kabisa, sauti ile ile ya darasani:

"Kwaherini."

Wale watoto walitazamana. Walikuwa ndio kwanza wamekaa. Lakini mwalimu ni mwalimu. Wakainuka, wakasema, "Ahsante Mwalimu, ugua pole," wakatoka kwa mstari.

Suzana alikimbia kuwarudisha, akawakuta wameshafika barabarani, mmoja amejifunika mdomo na daftari, anatetemeka kwa kicheko. Hakuwa mtoto mbaya. Ila Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, anashikilia fremu kwa mkono wa kushoto, na aliona.

Tangu siku ile hakusema neno. Sio la sawa, sio la kukosea. Akageuza kiti chake cha kamba kikatazama ukuta, na ukuta ndio ukawa rafiki yake. Suzana akimwambia sema, anafumba macho. Wiki ya kwanza ikapita hivyo. Ya pili. Kila asubuhi Suzana alikuwa anaamka na maneno ya daktari masikioni, akinyamaza sasa atanyamaza moja kwa moja, na kila jioni alikuwa analala na ule ukimya umelala katikati yao kama mtu wa tatu kitandani.

Na wale wenzake? Walikuja hospitali. Walikuja nyumbani mara moja, wakakaa ukingoni mwa benchi, pole Mwalimu, pole sana Mwalimu, wakaondoka. Jumamosi iliyofuata hawakuja, na iliyofuata tena.

Basi Suzana akafanya kitu ambacho hajawahi kukifanya. Alijifunga kanga mpya, akaenda peke yake mpaka mnadani.

Vumbi lilikuwa limesimama kama ukuta, ng'ombe wanalia, wanaume wanapiga kelele kwa Kisukuma. Alimkuta Malale ameinama nyuma ya dume moja jeusi, anamkagua. Malale alivyomwona aliachia mkia.

"Shemeji! Kuna nini? Mwalimu..?"

"Mwalimu yupo. Mzima vile vile." Suzana alikuwa anazungumza na vidole vyake vya miguu. "Nimekuja kuuliza, kwa nini hamji?"

Malale alivua kofia, akaivaa tena. "Shemeji, tuje tuseme nini? Wewe mwenyewe unatujua. Sisi watu wazima wazima, tuna habari moja tu duniani, na hiyo habari inaitwa ubongo. Sasa nitalitamkaje hilo neno mbele yake? Daktari si kasema ndio ulioumia? Nikisema ubongo umeungua, ubongo wa zamani, ubongo wa kutupa, si nitakuwa namchoma kisu? Yotham amejaribu kutafuta neno lingine wiki nzima. Kakosa."

"Njooni mseme chochote."

"Na huyo Yotham ana gazeti jipya," Malale aliendelea, kama anayejilaumu. "Lina habari kubwa. Habari yenyewe ile aliyokuwa anaingoja Mwalimu miaka yote. Tunalo tu, tumelikalia kama mayai."

"Basi lileteni."

"Tutakuja Jumamosi. Lakini hilo neno, shemeji, tutalizunguka."

Jumamosi wakaja kweli. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, joto lile la kabla ya mvua, bati linalia lenyewe juani. Malale alivaa shati la kwenda kanisani na Yotham alikuwa na tai mpya. Suzana aliwakaribisha, akakigeuza kiti cha Mwalimu kitazame watu. Mwalimu akakigeuza tena, kwa mguu wake mzima, taratibu, kikatazama ukuta.

Suzana akaenda jikoni, akabandika maharage, akatega sikio.

"Mwalimu," Yotham alianza, chini kwa chini. "Tumekuletea habari. AMD wametoa... wametoa kile kitu kipya."

"Kile kifaa," Malale akasema.

"Ndio. Hicho kifaa. Kinaitwa Athlon. Wanasema kwenye vipimo kimekipita kile... kile kidude cha Intel."

"Kimekipita."

"Kwa mbali kidogo."

"Hongera, Mwalimu," Malale akasema. "Pole na hongera."

Suzana aliacha kuchochea. Hivi ndivyo walivyokuwa wanaongea wale wanaume waliomwita mjumbe kwa kelele zao? Walikuwa wananong'ona. Mmoja anasema kidogo, mwingine anaitikia, kama watu waliokaa nje ya nyumba ya msiba wanasubiri jeneza litoke mochwari. Habari ambayo miezi mitatu nyuma ingemwinua Mwalimu akarusha kiti, ilikuwa inapita juu ya kichwa chake kama nzi. Alichungulia. Mwalimu alikuwa amefumba macho.

"Na bei?" Malale aliuliza, ili mradi kuuliza.

"Kile kikubwa kabisa dola mia nane na kitu."

"Ng'ombe tisa," Malale akapiga hesabu. "Na ndama."

"Na hakiingii kwenye fu..." Yotham akakata. Fuvu. Akameza. "Hakiingii kwenye bodi za zamani. Basi, ndio hivyo."

"Ndio hivyo."

Kisha Suzana akasikia fimbo ya Malale ikikwaruza ukutani. Walikuwa wanaaga.

Hakujua miguu yake ilimfikishaje. Alijikuta kibarazani, mwiko mkononi, mchuzi wa maharage unadondoka kwenye saruji.

"Kaeni."

Wakakaa.

"Nyie mmekuja kuzungumza ubongo, au mmekuja kuzika?"

Neno lilitua pale katikati. Yotham alimtazama Malale, Malale akatazama fimbo yake. Kwenye kiti, Mwalimu alifumbua macho. Hakugeuka, lakini Suzana aliona kope.

"Mbona mnaniangalia? Si ubongo? Miaka yote mnaita ubongo, leo umekuwa kidude? Ubongo wa huyu umeumia, ndio, kila mtu anajua, na yeye mwenyewe anajua. Haujaondoka. Upo hapa unawasikiliza mnavyonong'ona kama panya." Alivuta kigoda, akakaa katikati yao, mahali ambapo hajawahi kukaa. "Yotham, leta hilo gazeti. Niambie. Huu ubongo mpya una nini?"

Yotham alikohoa. "Una... una megahezi mia sita, shemeji. Mwingine mia sita na hamsini."

"Hizo ni kilo?"

Malale aliziba mdomo. Yotham alisema hapana shemeji, ni mwendo, ni kama mapigo ya moyo, yanapiga mara nyingi sana kwa sekunde moja.

"Moyo unaopiga hivyo si utapasuka?"

"Unapata joto kweli. Ndio maana wanaufungia feni."

"Kama una joto hivyo wangetuletea huku tupikie, tuokoe mkaa." Masikio yake yalikuwa yanawaka. Alijua anachekesha, alijua hajui, na kila neno lilikuwa linamtoka kama jino. Lakini alikuwa anamwangalia mumewe mabegani, na yale mabega yalikuwa yamesogea. Akaendelea. "Na huo wa Intel unaitwaje? Ule wenu. Pentekoste Tatu?"

Yotham alishindwa. Alicheka mpaka tai ikamkaa mgongoni. "Pentium Tatu, shemeji! Pentium! Pentekoste Tatu, maskini ya Mungu, itanena kwa lugha!"

"Cheka tu. Umevaa tai kwenye joto hili, nani wa kuchekwa?"

"Mwanawane!" Malale akapiga paja. "Shemeji ulikuwa umejificha wapi siku zote?"

Sauti zilikuwa zimepanda. Suzana alisikia zimepanda, na akajua sasa hivi, au basi. Alimjua mume wake. Alijua panapomuuma. Miaka yote jikoni hakuwa anasikiliza, lakini masikio hayana mlango, na maneno ya kila Jumamosi yalikuwa yameingia na kujipanga mle ndani bila yeye kuyaomba.

"Basi mimi nasema hivi," alisema, kwa nguvu. "Hiyo AMD itakufa."

Mabega yakakakamaa.

"Miaka yote imeuza rahisi, ndio watu wakaipenda. Watu wa hali ya chini, walimu walimu. Leo imepata ubongo mmoja mzuri, tayari imepandisha bei kama Intel. Ng'ombe tisa! Nani atainunua? Mwenye ng'ombe tisa atakwenda kwa Intel anakokujua. Asiye nazo hata hawamuulizi. Na huo ubongo unataka fuvu jipya juu yake. Itakufa. Pasaka haifiki."

"Shemeji kasema," Yotham akapiga makofi. "Shemeji ni mtu wa Intel! Itakufa!"

"Itakufa na hasara yake," akaongeza Malale, ambaye alikuwa ameshaelewa mchezo.

"Mvua!"

Wote waligeuka.

Mwalimu alikuwa amekigeuza kiti. Hawakumwona akikigeuza. Alikuwa anawatazama, mshipa umemtoka shingoni, mkono wa kushoto juu, kidole kimoja kimenyooka kama siku zile.

"Mvua," alisema tena. "Mvua ita... itashuka."

Halafu akasikia mwenyewe alichosema. Suzana aliona wakati ule ule alipojisikia. Kidole kikakunjika. Uso ukaanza kufunga, taratibu, kama siku ile ya wanafunzi, kope zinashuka, mdomo unatafuta pa kujificha. Yotham alitazama juu angani, hakuna hata wingu.

Mdomo wa Suzana ulifunguka aseme, unataka kusema bei, Baba Pela, sema bei. Ndivyo alivyokuwa anafanya kila siku. Akaufunga. Yeye mwenyewe dakika hii alikuwa ameita Pentium Pentekoste, na bado alikuwa amekaa kwenye kigoda, bado anabishana, hakuna aliyemtoa.

"Ishuke mpaka wapi?" alimuuliza.

Mwalimu alimtazama.

"Nauliza. Umesema mvua itashuka. Mvua ya ng'ombe tisa. Itashuka mpaka ng'ombe wangapi?"

Malale aliishi kwa kununua ng'ombe kwa Wapimbwe, kwa Wafipa, kwa Warundi wa Katumba, na watu ambao hawakuelewana neno hata moja walikuwa wanauziana mbele yake kila siku. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

"Na ya nani itashuka kwanza, Mwalimu?" akasogeza benchi mbele. "Mvua ya Intel au ya kwenu?"

"Mvua gani tena," Yotham akaanza, "mbona kumekauka..." Malale alimkanyaga. Yotham alitazama mguu wake, akamtazama Malale, akamtazama Mwalimu. Macho yake yakapata maji ghafla. Akajikaza, akakaza na tai.

"Intel hawashushi mvua ovyo!" alifoka. "Watashushaje wakati wateja wamejaa?"

"Wata... watashusha," Mwalimu alisema. Neno zima. Lilikuwa la kukwaruza kama bawaba. "Wame... wameogopa."

"Intel waogope! Waogope nini?"

"Ubongo." Kidole kilinyooka tena, kikaelekea kwenye gazeti. Na alilitamka vizuri kabisa, neno lile walilokuwa wanalizunguka, kama mtu anayemwita mtoto wake. "Ubongo. Mzuri."

"Mzuri sikatai! Lakini fuvu je? Nani atatengeneza fuvu jipya kwa ajili yao? Wenye viwanda wanamwogopa Intel."

"Godoro," Mwalimu akasema, "wa... watatengeneza."

"Hawatengenezi godoro hata moja!"

"Watatengeneza. Wa... wachache. Halafu... wengi."

"Godoro lenyewe ni ghali!"

"Mvua itashuka!"

Basi ikawa ndio ile. Yotham amesimama, Malale anapiga benchi, Mwalimu anagonga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto. Maneno yalikuwa yanamjia yamevaa nguo za wenzao. Feni ilikuwa "kuku," Marekani ilikuwa "Karema" ya kule ziwani, na wote walikuwa wanayapokea jinsi yalivyo, wanayatumia, wanamrudishia. Kuku akizimika ubongo unaungua. Huko Karema wameshasema mvua ya Intel imeshuka mara mbili mwaka huu. Pengine neno la sawa lilikuja lenyewe, hakuna aliyelipigia makofi. Lilipita tu kama mtu wa nyumbani.

Dorotea alitokea kwenye uchochoro na ndoo kichwani, akasimama.

"Nyie watu, mvua ya Intel ndio ipi? Inanyesha wapi?"

"Mbali, mama," Malale alimjibu bila kugeuka. "Huku itakuja na treni."

Dorotea alimwona Mwalimu amenyoosha kidole, mdomo wazi, jasho linamtiririka. Alishusha ndoo polepole. "Anaongea," alisema. "Suzana, anaongea."

"Anabishana," Suzana alisema.

Alitaka kuinuka akatazame maharage. Harufu ilikuwa imeshaanza. Lakini kulikuwa na kitu kimemkaa kichwani tangu aseme yale maneno yake ya kumchokoza, na sasa kilikuwa kinamsumbua kweli, kilikuwa hakimchokozi mtu tena.

"Ngojeni kwanza," alisema. "Mimi sijaelewa. Baba Pela. Huyu mkubwa akishusha mvua, na huyu mdogo lazima ashushe zaidi ili auze. Sasa akishusha zaidi, na hasara anayo tayari, yeye atakula nini?"

Mwalimu alimgeukia.

Suzana hakuwahi kukaa darasani kwake. Hakujua kwamba hii ndiyo sura aliyokuwa nayo Mwalimu pale mtoto akinyoosha mkono nyuma kabisa na kuuliza kitu cha maana. Uso wote ulifunguka. Hata ule upande wa kulia uliolala ulijaribu. Alisogea mbele, akaweka kidole kwenye mkono wa kiti, akaanza kuchora kitu, mstari huku, mstari huku, na midomo yake ikawa inatafuta.

"Wa..." alisema. "Wa..."

Yotham akafungua mdomo amsaidie. Malale akamshika goti.

"Wa..."

Maharage yalikuwa yanaungua sasa waziwazi, moshi umeanza kuingia kibarazani. Dorotea alichungulia jikoni, akamtazama Suzana. Suzana alitikisa kichwa. Acha yaungue. Wakakaa wote wanne wanalingojea lile neno, hakuna aliyelivuta, hakuna aliyelisukuma.

"Wajomba," Mwalimu alisema.

Alijisikia. Akatulia, akalipima. Halafu akapandisha bega moja, lile zima, kama kusema ndilo lililokuja, tufanyeje.

"Wajomba wengi," akaendelea. "Mvua... ndogo. Wajomba wengi."

Suzana alilichukua akalizungusha. Wajomba wengi, mvua ndogo. Faida kidogo kidogo kutoka kwa kila mteja, lakini wateja wawe wengi. Kama yeye na mchele wake wa Majimoto pale sokoni, anavyowauzia wa kibakuli kuliko kungoja mwenye gunia. Kumbe ni hicho tu? Miaka yote walikuwa wanapigia kelele kitu anachokijua?

"Aah," alisema. "Sasa nimeelewa. Lakini hao wajomba wako wapi? Hapa Mpanda wapo wangapi?"

Mwalimu alifikiri. Akainua mkono wa kushoto, akajigonga kifuani.

"Mmoja."

"Wawili," Malale akasema. "Nikiuza dume langu jeusi na wenzake wanane."

"Mimi msinihesabu," Yotham alisema, anafuta macho na ncha ya tai. "Mimi sitakuwa mjomba wa mtu."

Na Mwalimu Felisiani akacheka. Kicheko kilikuwa kimepinda upande mmoja, kimekatika katikati na kuanza upya, lakini kilikuwa kirefu. Suzana alikaa kwenye kigoda chake na mwiko mapajani, na moshi wa maharage ukawapitia, na Yotham akafungua gazeti ukurasa mwingine akasema haya, huku Intel wanajibu nini, tusome.